Kadi Mbili za Msamaha

Jumamosi, 7 Septemba

Darasa la kadi. Ukumbi wa nyuma ya maktaba, meza ndefu, magazeti yametandazwa, pedi za wino zimepangwa kwa rangi kama peremende. Nadhani mimi ndiye mwanafunzi bora. Mwalimu bado hajalisema hilo, lakini ni mtu wa haya.

Ieleweke kwamba mimi ni mtu wa masjala. Barua zinaingia ofisini, nazipiga mhuri wa IMEPOKELEWA, zinakwenda zake. Wengine wamekuja kujifunza mihuri. Mimi nimekuja kuonyesha. Nikashusha mhuri wa kipepeo kwa ufundi wangu wote. Meza ikaruka. Mwalimu, mama mwembamba mwenye aproni iliyojaa madoa ya wino, akaniambia kwa upole kwamba hapa hatupokei barua. Mhuri unawekwa, unakandamizwa taratibu, unainuliwa wima. Kipepeo wangu alionekana kama aliyekanyagwa.

Aliyecheka kuliko wote ni mwanyumba, yaani mume wa dada yake mke wangu. Ana bucha. Mikono kama makoleo, shingo hana. Anadai naye ni mtu wa mihuri kwa sababu nyama hupigwa mhuri. Nilimwambia nyama haifunguliwi jalada. Basi mtu huyu kachukua kisponji, kakigusisha wino wa manjano, kakipunguza kwenye gazeti kama tulivyofundishwa, akaanza kukizungusha kutoka ukingoni mwa kadi kuingia ndani. Manjano ikayeyukia kwenye rangi ya chungwa, chungwa ikayeyukia kwenye waridi, huoni moja inapoishia na nyingine inapoanzia. Anga la jioni kabisa! Darasa zima likaenda kusimama nyuma yake.

Mimi nilitumia rangi zilezile nikaongeza buluu, kwa ukarimu. Nikapata rangi ya maji yaliyooshea vyombo. Nimeipa jina: Jioni ya Mawingu.

Hata hivyo nalipenda darasa hili. Ni mahali pekee ninapoonana na mwanyumba tangu wake zetu waache kusemeshana.

Jumapili, 8 Septemba

Jumapili nyingine bila kuku wa shemeji, mke wa mwanyumba. Zamani tulikuwa tunakula kwao kila Jumapili. Kuku wa kuokwa, ngozi inalia ukiuma. Leo nimekula mayai. Nimeyala kwa heshima, lakini mayai ni mayai.

Chanzo cha yote ni zipu. Mke wangu ni fundi cherehani. Alimshonea dada yake gauni la sherehe ya shule, maana shemeji ni mwalimu wa darasa la sita na siku hiyo alikuwa anapewa cheti cha utumishi mwema. Shemeji akainuka, akainama kidogo kupokea cheti, zipu ikaachia kuanzia shingoni hadi kiunoni. Ukumbi mzima ukasikia. Shemeji akasema mbele za watu kwamba gauni limeshonwa kama gunia. Mke wangu naye, mbele za watu walewale, akajibu kwamba gunia lisingepasuka kama viazi visingeongezeka.

Tangu hapo hakuna salamu. Hakuna kuku.

Leo mchana mama mkwe amepiga simu. Anakuja Jumapili ijayo. Ana mtoto wa jicho, jicho la kulia halioni tena ila ukungu, na Jumatano yake atapasuliwa. Mke wangu alipokata simu alikaa na kitambaa mapajani. Mama anaogopa kisu, akasema. Miaka yote amekuwa akitafuta kisingizio cha kukwepa. Akifika akakuta mabinti zake hawaongei, atasema hawezi kupasuliwa macho kwenye ugomvi, atabeba begi lake na kurudi. Na jicho la kushoto nalo limeanza.

Nikamwambia basi ampigie dada yake. Akasema dada ni mkubwa, aanze yeye. Nikatoka nje nikampigia mwanyumba. Akasema kwake nako ni hivyohivyo: mdogo ndiye anayepaswa kuanza.

Nikarudi ndani. Nikaitazama mihuri yangu. Wazo likanijia zima zima, limevaa na viatu.

Kadi mbili! Moja ya kuomba radhi kutoka kwa shemeji kwenda kwa mke wangu. Nyingine kutoka kwa mke wangu kwenda kwa shemeji. Kila mmoja ataona mwenzake ndiye aliyeanza. Watakumbatiana. Mama mkwe atapasuliwa kwa amani. Kuku atarudi.

Sijui kwa nini watu kama mimi hatupewi wizara.

Jumatatu, 9 Septemba

Saa ya chakula cha mchana nilikwenda buchani. Shida yangu ilikuwa moja. Kadi ya msamaha haiwezi kuwa na rangi ya maji ya vyombo. Nikamwomba mwanyumba anipe anga lake, kwa ajili ya kujisomea.

Akaendelea kukata mbavu. Akaniuliza najisomea nini. Nikalazimika kumweleza mpango. Akaweka shoka chini, akaniambia hapana. Mke wake ni mwalimu, amesahihisha uongo wa watoto wa watu maisha yake yote, atatujua kabla hajafungua bahasha. Nikamkumbusha kwamba mimi kazini nashika majalada ya siri. Hajui ni ya nini, na mimi pia sijui, ndiyo maana ya siri.

Akafikiri. Nadhani ni kuku aliyemlainisha, maana tangu ugomvi uanze shemeji hapiki kwa moyo. Akaenda nyuma, akarudi na anga, amelifunga kwenye karatasi ya nyama. Anga moja tu. Jingine kagoma kutoa, analitengea ukuta wa ukumbini. Majivuno ya mtu huyu!

Haidhuru. Nimepiga hesabu ya haraka: mwanyumba hufanyia mazoezi nyumbani, shemeji ameliona anga hilo likitengenezwa mezani kwake, atalitambua. Kwa hiyo anga liende kwa mke wangu. Shemeji apewe Jioni ya Mawingu. Unaona jinsi akili inavyofanya kazi ikiachwa huru.

Jumanne, 10 Septemba

Nimemaliza kadi ya mke wangu wakati yeye yuko sokoni kutafuta vifungo. Maneno nimeyapiga kwa mihuri ya herufi, ili mwandiko usinisaliti. Seti yangu haina M. Nimegeuza W. Inaonekana kama M iliyolewa, lakini imesimama. Kadi inasema: SAMAHANI MDOGO WANGU. GAUNI LILIKUWA ZURI. DADA YAKO.

Chini nimeweka ua la waridi nililolichonga mwenyewe kwenye kifutio. Limetoka na kitu kama mdomo. Ni kwa sababu ya kifutio.

Kadi inanukia ini kwa mbali. Nimeianika dirishani.

Jumatano, 11 Septemba

Kadi ya shemeji. Hapa nilitaka kugusa kidonda chenyewe. Msamaha wa jumla jumla hauponyi. Kilichomuuma shemeji ni viazi, basi viazi vishughulikiwe. Nikapanga: DADA NISAMEHE. HUJANENEPA. MDOGO WAKO. Mafupi, yenye uzito.

Nilianza na herufi kubwa, kwa heshima. Nikafika HUJA, jalada likaisha. Mtu mwingine angeitupa kadi. Mimi nikafungua ndani nikaendelea na NENEPA juu kabisa ya ukurasa, kwa wino mwekundu uliokolea, halafu MDOGO WAKO. Imependeza mno. Msomaji anafika mwisho wa jalada akiwa na hamu, anafungua kupata jibu. Hata vitabu hufanya hivyo.

Bahasha nilikuwa sina, nikachukua ya ofisini. Kadi zote mbili ziko tayari. Ya shemeji nimempa mwanyumba aipenyeze chini ya mlango wake mwenyewe. Alikuwa na jasho kama mwizi.

Alhamisi, 12 Septemba

Ushindi!

Asubuhi nilitangulia kutoka, nikapenyeza kadi chini ya mlango wetu, nikazunguka nyumba, nikarudi nikisema nimesahau miwani. Mke wangu alikuwa tayari amesimama nayo mkononi, pini zimejaa mdomoni. Akazitoa moja moja akizichomeka kwenye mkono wa blauzi yake. Akaisoma tena. Akaniuliza kama dada yake siku hizi anafanya kazi za mikono. Nikasema watu hubadilika. Akainusa. Akauliza mbona inanuka ini. Nikamwambia ameolewa na mwenye bucha, angenukaje?

Akalitazama lile anga muda mrefu. Akasema rangi hii ni ya ile hariri waliyogombania wakiwa wasichana, mama yao akaikata katikati ili kila mmoja apate. Sikuwahi kuisikia habari hiyo. Akaiegemeza kadi kwenye cherehani, mahali anapoiona akishona.

Nilipokuwa nafunga viatu nilimwona anafuta macho. Akasema ni vumbi la nyuzi.

Nilikwenda kazini nikipiga mluzi. Nimepiga mihuri mpaka mkuu wa masjala akaniuliza kama nimeshinda kitu.

Ijumaa, 13 Septemba

Sina hakika nianzie wapi.

Jioni mlango umegongwa. Mwanyumba. Hakunitazama. Alikuwa ameshika bahasha kwa ncha za vidole kama mtu aliyetumwa kutupa panya mfu. Akampa mke wangu, akasema ametumwa, akaondoka hata maji hakunywa.

Mke wangu akafungua. Ilikuwa kadi yangu, Jioni ya Mawingu. Imesahihishwa.

Wino mwekundu kila mahali. Pembeni mwa M: herufi hii imelewa. Chini ya jalada, mstari mrefu: neno halikatwi hapa, maana imegeuka. Ndani, NENEPA imezungushiwa duara mara mbili, na alama ya kuuliza kubwa. Ua limewekewa swali: huyu ni ndege gani? Alama: tatu juu ya kumi. Na mwisho kabisa, kwa mwandiko uliopinda vizuri: Njoo unione.

Mke wangu akasoma jalada kwa sauti. "Dada nisamehe. Huja." Akafungua. "Nenepa. Mdogo wako."

Hapo ndipo nami nilipousikia ule mkato. Macho yangu yalikuwa hayajauona.

Akasema hajatuma kadi yoyote. Akaigeuza bahasha. Nyuma yake, katikati kabisa, umenyooka, wa buluu: IMEPOKELEWA. Na tarehe. Sikumbuki kuupiga. Mkono una mazoea yake.

Nilitegemea ghadhabu. Ghadhabu naijua, nina mahali pa kukaa ikija. Lakini hakufoka. Alikwenda kwenye cherehani, akaichukua ile kadi ya anga, akaishika.

"Kwa hiyo na hii ni wewe," akasema.

Nikasema anga ni la mwanyumba.

Akaiweka kifudifudi. Akaendelea kushona, mguu unakanyaga kwa nguvu kuliko kitambaa kilivyohitaji. Nilimpikia chai. Haikunywewa. Nimeandika haya nikiwa nimekaa jikoni, na kwa mara ya kwanza tangu nianze darasa, sina wazo lolote.

Jumamosi, 14 Septemba

Sikwenda darasani. Nilipoamka mke wangu alikuwa ameshavaa, tepu ya kupimia shingoni kama kawaida yake, kadi zote mbili kwenye mkoba. Akasema mwalimu akiandika njoo unione, mtu anakwenda. Akaongeza kwamba na mimi naandamana naye.

Njia nzima nilimwandalia utetezi. Hakuuomba.

Shemeji alifungua mlango akiwa na kalamu nyekundu sikioni. Hakusema karibu, lakini alisogea. Mwanyumba alikuwa tayari kwenye kochi, mikono katikati ya magoti. Nikaelekezwa kwa kidole nikae kando yake. Tulikaa kama watoto waliovunja dirisha.

Mke wangu akaweka kadi mezani. Shemeji akauliza kama ni yeye aliyemwandikia anenepe. Mke wangu akasema angekuwa yeye angeandika kwa uzi, usingefutika. Nikaona mwanyumba anafumba macho. Mimi nilikuwa natazama kama mlango wa nyuma una komeo.

Kisha mke wangu akasukuma ile kadi ya anga mbele ya dada yake.

"Hii nililetewa juzi," akasema. "Niliiweka kwenye cherehani. Siku nzima nimeshona nikiitazama. Nilidhani ni wewe."

Shemeji akaisoma. Nilimwona macho yanasimama kwenye M, mkono ukapanda sikioni kutafuta kalamu, kisha ukashuka bila kalamu.

"Ningeiandika mimi," akasema, "kama ningejua pa kuanzia. Gauni lilikuwa zuri. Ulinipima Januari, nami nikalivaa Julai. Nilijua. Asubuhi ile nilivuta zipu kwa koleo."

Mke wangu akasema hilo la viazi alipaswa kulisema chumbani, wakiwa wawili. Akasema tangu siku ile kila akifunga zipu ya mtu anaisikia ile sauti. Shemeji akasema na yeye kila akiingia darasani anahisi mgongo uko wazi. Shemeji akaivuta kadi yangu, akaifungua, akasoma tena ukurasa wa ndani, mdomo ukaanza kumcheza.

"Nenepa," akasema. "Mdogo wako."

Basi! Walianza kucheka polepole kama watu wanaokohoa, kisha mmoja akamshika mwenzake bega, kisha wote wakainama juu ya meza, machozi yanadondoka kwenye Jioni ya Mawingu mpaka ikawa na mvua. Mwanyumba naye akajaribu kucheka. Wakamtazama pamoja. Akaacha.

Halafu mke wangu akavua tepu shingoni. Shemeji akainuka, akanyanyua mikono pembeni kama tangu utotoni walikuwa wakifanya hivyo, akapimwa kifua, kiuno, nyonga. Mke wangu alikuwa akitaja namba kwa kunong'ona, sikioni mwake tu.

Sisi wanaume tukaambiwa twende jikoni. Hatukuambiwa kufanya nini. Mwanyumba alikata vitunguu, mimi nikamsimamia.

Jikoni nilimnong'oneza kwamba mpango umefanya kazi. Akaniuliza mpango upi. Baadhi ya watu hawawezi kuona picha nzima.

Jumapili, 15 Septemba

Mama mkwe amefika na begi dogo na kiti chake cha kukunja. Mabinti wawili wakampokea, kila mmoja mkono wake. Nilisimama nyuma nikitabasamu kama mkurugenzi.

Kumbe alikuwa anajua! Tangu siku ya zipu. Shemeji alikuwa akimpigia simu asubuhi kumshtaki mdogo wake, mke wangu alikuwa akimpigia mchana kumshtaki dada yake, na mama alikuwa akiwasikiliza wote akimenya maharage. Alituambia haya mezani bila aibu. Akasema ukweli ni kwamba alikuwa anautegemea huo ugomvi. Alipanga afike, anune, akatae kupasuliwa, arudi kwake kabla ya jua kuzama. Sasa tumemharibia.

Mabinti wakacheka, lakini mimi nilikuwa karibu naye nikaona anakoroga kikombe ambacho kimeshakwisha chai. Shemeji aliona pia. Akahama kiti akaenda kukaa kando yake, na mke wangu upande wa pili, wakaendelea kuongea habari za vitambaa huku kila mmoja ameweka kiganja juu ya mkono wake.

Kuku alikuwepo. Ngozi ililia. Nilipewa shingo, kama adhabu. Nimeifurahia.

Jumatano, 18 Septemba

Hospitali. Korido ndefu, benchi la mbao, harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Wanawake walikaa upande mmoja, sisi tukashika mikoba. Mama alipoitwa alisema ghafla kwamba amesahau jiko linawaka kwake. Shemeji akamwambia kwa sauti ya darasani kwamba jiko limezimwa na jirani kalihakikisha. Mama akaingia kama mtoto wa darasa la sita.

Tulingoja. Mwanyumba akatoa mfukoni kipande cha kadi na kisponji, akaanza kuzungusha rangi hapohapo kwenye goti. Nikamwambia huo ni ushamba. Muuguzi mmoja akasimama kumtazama. Halafu na wa pili. Nikatoa kipepeo wangu. Hakuna aliyesimama.

Daktari akatoka, akasema imekwenda salama. Mke wangu na dada yake wakashikana, vichwa vimegusana. Sitasahau. Nilitaka kusema kwamba haya yote yalianza na kifutio, lakini mwanyumba alinikanyaga mguu.

Alhamisi, 19 Septemba

Bandeji imetolewa. Tulikuwa wote chumbani kwa shemeji, mapazia yamefunguliwa nusu. Mama akapepesa. Akatazama dirisha. Akatazama mikono yake, pande zote mbili, akasema amezeeka bila kuarifiwa. Akamtazama mke wangu, akamgusa shavu, akasema anafanana na baba yake, jambo ambalo alikuwa ameanza kulisahau.

Kisha akamgeukia shemeji. Akamtazama kuanzia juu hadi chini, taratibu, kwa lile jicho jipya.

"Kumbe kweli umenenepa," akasema.

Nilihesabu milango. Mke wangu akaangalia sakafu, mabega yameanza kutikisika. Shemeji akavuta pumzi ndefu, akajibu kwamba ndiyo mama, na gauni jipya liko tayari, lina nafasi ya kutosha na kubaki. Mama akacheka yeye kwanza. Nadhani hiyo ndiyo dakika ugomvi ulipokwisha kabisa. Ile ya Jumamosi ilikuwa mazoezi.

Nikaona ndio wakati wa kutoa kadi yangu. Nilikuwa nimemtengenezea mama kadi ya kumtakia afya, waridi langu katikati, kubwa. Akaishika kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye mwanga, akasema anashukuru sana, ni kuku mzuri. Mwanyumba alilazimika kutoka nje. Kicheko chake kilisikika mpaka kwa majirani.

Nilimwacha mama aamini ni kuku. Jicho bado ni jipya, litakomaa.

Jumamosi, 21 Septemba

Nimerudi darasani. Mambo ni shwari. Nyumbani tunakula vizuri, mama mkwe anasoma magazeti kwa sauti na kubishana nayo, mke wangu ananiita tena kwa jina lile zuri. Ameniomba nimwahidi kwamba sitatengeneza tena kadi kwa jina la mtu asiyejua. Nimeahidi. Niliahidi kwa moyo mweupe, nikiwa nimeshiba.

Anga la mwanyumba limebandikwa ukutani. Katikati. Mwalimu amelizungushia ukingo wa dhahabu. Sina wivu. Limekaa upande kidogo, hilo tu.

Jambo moja nimeligundua leo. Mwalimu wetu na mkutubi hawasalimiani! Mkutubi alipita kuchukua ufunguo, akautupa mezani kama mfupa, Mwalimu akageukia dirisha. Nikadodosa. Inasemekana ni mambo ya sinki la maktaba: Mwalimu alioshea visponji humo, likawa la zambarau, na tangu hapo mkutubi amelifunga kwa kufuli. Watu wazima! Mwalimu anabeba maji kwa ndoo kutoka barabarani.

Nikamtazama mwanyumba. Akanitazama. Akatikisa kichwa taratibu, mara nyingi. Akaniuliza kama nimesahau Ijumaa ile. Nikamwambia Ijumaa ilitoa Jumamosi, na Jumamosi ilitoa kuku. Kazi yetu ya kwanza ilifaulu kama nilivyopanga, kasoro ilikuwa herufi kubwa mno na bahasha. Akasema yeye hayumo, na mimi nilishaahidi.

Ahadi nimeipima upya nikiwa njiani. Mke wangu alisema nisitumie jina la mtu asiyejua. Hakusema chochote kuhusu mtu anayejua. Na mwanyumba anajua. Nimemweleza mwenyewe, mbele ya mashahidi. Tena ukutani pale kila mtu ameshaona kazi yake, mkutubi ataamini mara moja.

Kadi ya mkutubi imekamilika. Ina kufuli lililofunguka, nimelichonga mwenyewe, na chini yake herufi ndogo ndogo zenye nafasi ya kutosha, zinazomwomba amfungulie Mwalimu sinki. Nimeitia sahihi ya mwanyumba, na anwani ya bucha, endapo mkutubi atapenda kwenda kumshukuru ana kwa ana.